Mkindu unaposumbua: soma dalili kabla ya kushika panga

Mkindu, mti wa jamii ya minazi unaotoa ukindu wa kusukia mikeka, ni mti mvumilivu, na uvumilivu huo ndio unaowaponza wenye shamba. Kuti unaloliona leo likifunguka lilianza kuumbika ndani ya kilele miezi mingi iliyopita. Kosa la vuli utakuja kuliona masika, wakati umeshasahau ulifanya nini, na dawa utakayotia itakuwa ya ugonjwa mwengine kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kutia chochote, uliza jambo moja: linaumwa kuti la chini au la juu? Makuti ya chini ndiyo makuukuu. Yakitangulia hayo kuumwa, udongo umepungukiwa na aina ya chakula ambacho mti unaweza kukitoa kwenye kuti kuukuu ukalipa kuti changa. Yakitangulia ya juu, ama mizizi haipumui, ama chakula kimo udongoni lakini kimefungwa, ama kilele chenyewe kimeguswa. Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba mkindu huota kichaka, mashina kadhaa kutoka kitako kimoja. Shina moja likifa, kichaka hakijafa. Usikate tamaa, wala usichimbe kichaka kizima kwa sababu ya shina moja.

Hakikisha ni mkindu

Hili linaonekana dogo, lakini Pemba kuna mpapindi, mti wa jamii hiyohiyo ya minazi ambao kiasili unaota Pemba tu na haupatikani porini pengine popote duniani. Unaonekana msitu wa Ngezi, nao pia huota mashina mengi pamoja. Mche wake mdogo ukiuona kwa mbali unaweza kuuchanganya na mkindu. Shika kijani kimoja cha kuti (yaani jani dogo moja kati ya yale yaliyopangika kwenye kuti) ukitazame mahali kinaposhikana na uti. Cha mkindu kimekunjwa kama mfereji, maji ya mvua yangeweza kutiririka ndani yake. Cha mpapindi, kama cha mnazi, kimekunjwa kama paa la nyumba, maji yanamwagika pembeni. Halafu teremka hadi chini ya kuti: mkindu una miiba mirefu, migumu, ya rangi ya manjano, mpapindi hauna mwiba. Ukikuta ni mpapindi, uache ulipo. Mti wenye kwao kisiwa kimoja hauchimbwi kwenda kupambia ua.

Mbegu hazioti

Sababu ya kwanza ni kukosa subira. Mbegu ya mkindu huchukua miezi miwili hadi minne, wakati mwengine zaidi, na haioti kama mahindi. Kwanza hutoa mkia mweupe unaokwenda chini, sentimita kadhaa ndani ya udongo. Jani huchomoza baadaye kutoka kwenye mkia huo, si kwenye mbegu yenyewe. Anayefukua wiki ya sita kuangalia kama "imeoza" huukata mkia huo na kuiua mbegu iliyokuwa inaota. Jani la kwanza nalo ni jembamba, moja, kama la nyasi. Miche mingi hung'olewa wakati wa palizi kwa kudhaniwa magugu, basi tia alama kila kiriba (mfuko wa kupandia mche).

Sababu ya pili ni nyama ya tunda kubakia kwenye mbegu, ambayo huchacha na kuleta ukungu. Chukua makindu yaliyoiva yakawa ya hudhurungi na laini, yaloweke siku mbili, yasugue kwa mchanga mpaka mbegu itoke safi na mfereji wake mmoja wa urefu uonekane. Kisha loweka mbegu tupu kwa saa 24 hadi 48, ukibadilisha maji kila siku. Zinazoelea zitupe. Zenye kitundu cha mviringo, kidogo kama cha sindano, zitupe pia: kuna kijidudu kimeshakula ndani.

Panda kina cha sentimita 2, mbegu moja kwa kiriba chenye urefu usiopungua sentimita 25. Viriba vifupi vya mboga havifai, kwa sababu mkia na mzizi wa kwanza hugonga chini na kujisokota. Udongo uwe nusu mchanga, nusu mboji iliyokwisha kuoza. Weka kivuli chepesi na umwagilie udongo unapoanza kukauka juu. Kiriba kinachotota kila siku huozesha mbegu kabla haijafika popote.

Chipukizi lililohamishwa linakauka

Wengi huona njia ya mkato: kung'oa chipukizi pembeni ya kichaka na kulipanda kwengine. Linawezekana, lakini mara nyingi hushindwa, na sababu ni mizizi. Mzizi wa mkindu ukikatwa karibu na shina, mara nyingi hufa wote mpaka kwenye kitako. Ukikatwa mbali, una nafasi kubwa zaidi ya kutoa matawi mapya. Chipukizi lililong'olewa na kibonge cha udongo cha ukubwa wa nazi limeondoka, kwa hakika, bila mizizi.

Fanya hivi. Chagua chipukizi lenye makuti matano au zaidi na mizizi yake mwenyewe. Fukua kidogo uione. Mwanzoni mwa vuli kata nusu ya mahali linaposhikana na mama, rudishia udongo, mwagilia. Mwanzoni mwa masika malizia kukata na uling'oe na kibonge cha sentimita 30 hadi 45 kila upande. Punguza theluthi moja ya makuti, yale ya chini, na yaliyobaki yafunge pamoja kwa kamba ya usumba ili yasipoteze maji. Kuti la kati, lile lililofumba na kusimama kama mkuki, usiliguse.

Panda usawa uleule liliokuwa nao. Hili ndilo kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote: mtu huzamisha kitako sentimita 20 chini "ili usianguke". Mizizi mipya hutokea kitakoni na inataka hewa. Mti uliozamishwa hukaa mwaka mzima bila kukua, makuti mapya yakitoka ya manjano, kisha kitako huoza. Kama mti unayumba, usimamishe kwa miti mitatu ya kuegemeza.

Makuti yamegeuka manjano

Hapa ndipo swali la chini au juu linapolipa.

Makuti ya chini yana madoadoa ya manjano au rangi ya chungwa, na ncha zake zimekauka kama zilizounguzwa, huku ya juu yakiwa mazima: mti umekosa potashi. Hutokea sana kwenye udongo wa kichanga, ambako mvua za masika huosha kila kitu. Tia debe moja la samadi iliyooza vizuri kwa kila kichaka, mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa masika na mwanzoni mwa vuli, ukiitandaza kwa duara nusu mita kutoka kwenye mashina. Majivu ya kuni yanasaidia, kiasi cha kopo mbili za lita moja, kwenye kichanga au kinongo (udongo mwekundu). Kwenye maweni (ardhi ya mawe ya matumbawe) usitie majivu: udongo ule tayari umejaa chokaa, na majivu huongeza tatizo lilelile.

Tena, makuti hayo yenye madoa usiyakate kwa kutaka kusafisha. Mti bado unanyonya potashi iliyobaki humo kulisha makuti machanga. Ukiyakata, utaona madoa yanapanda juu kwenye makuti yanayofuata. Subiri yakauke kabisa.

Makuti ya chini yana ukanda mpana wa manjano pembezoni, lakini sehemu inayokaribiana na uti bado ni kijani kizito: hiyo ni magnesiamu. Samadi husaidia polepole; ukipata magnesiamu salfeti, tandaza gramu 200 kwa kichaka udongo ukiwa umelowa. Yaliyokwisha kuwa manjano hayatarudi kuwa kijani. Pimia tiba kwa makuti yatakayotoka baadaye, na hilo ni jambo la miezi, si wiki.

Makuti ya juu ndiyo ya manjano na ya chini ni kijani: mti umekosa chuma, lakini usikimbilie dukani. Kwanza chimba kwa mkono kitakoni. Umezama? Maji yamesimama? Mkindu unapenda maji, ndiyo maana kiasili unaota kwenye mabonde na kingo za vijito, na kwenye msitu wa Jozani ambako maji ya ardhini yako juu. Ila maji ya bondeni hutembea, yanapanda na kushuka. Maji yaliyofungwa kwenye shimo la kinamo (udongo mzito wa mfinyanzi) hayana hewa, na mzizi usiopumua hauwezi kufyonza chuma hata kikiwepo tele. Fungua mfereji, ondoa udongo uliozidi kitakoni, na mara nyingi tiba ni hiyo tu.

Kama udongo unapitisha maji vizuri na uko upande wa maweni, Micheweni, Makunduchi au Jambiani, basi chokaa ndiyo iliyofunga chuma na manganizi. Dalili ya manganizi ni mbaya zaidi: kuti jipya hutoka fupi, limenyong'onyea, vijani vimejikunja na kukauka kama vilivyopitiwa na moto. Hali hii isipotibiwa huua kilele. Nyunyizia makuti machanga mbolea ya majani yenye chuma na manganizi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, asubuhi kabla ya jua kali, na panga kurudia. Wakati huohuo jaza mboji kwa wingi kuzunguka kichaka. Kusema kweli, anayetaka ukindu mwingi asichague maweni kama ana bonde.

Ncha za makuti yote, ya juu na ya chini, zimeungua kwa pamoja? Fikiria chumvi. Mkindu huvumilia maji ya chumvichumvi kiasi, lakini kisima kilichoanza kuwa na chumvi kiangazi kikitumika kumwagilia miche, miche itaonesha.

Makuti yamekatwa kama kwa mkasi

Kuti linafunguka na vijani vyake vimekatika kwa mstari ulionyooka, au vina pengo la pembe tatu upande huu na upande ule, kwa mpangilio. Hakuna mdudu aliyekaa kuvikata kimoja kimoja. Huyo ni chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe moja anayesumbua minazi. Alitoboa kilele wakati kuti bado limefumba, na tundu lake moja likapita kwenye mikunjo yote. Kuti lilipofunguka, tundu likawa mstari.

Kuti lililokatwa limeshapita. Unachotafuta ni tundu jipya. Angalia makutano ya makuti karibu na kilele: ukiona nyuzi zilizotafunwa zimetokeza nje, bado mbichi na zimelowa, mwenyewe yumo ndani. Chukua waya mgumu wa urefu wa nusu mita, pinda ncha uwe kama ndoana, uingize taratibu kwa kufuata tundu mpaka uguse kitu kigumu, kisha zungusha na uvute. Kisha jaza makwapa ya makuti ya juu kwa mchanganyiko wa mchanga mkavu na unga wa mbegu za mwarobaini, nusu kwa nusu. Rudia baada ya mvua kubwa.

Lakini utatoa chonga mpaka uchoke kama hujaenda anakozaliwa. Hutaga kwenye magogo ya minazi yaliyolala na kuoza, na kwenye lundo la samadi. Pindua lundo: ukikuta funza wakubwa weupe wenye kichwa cha hudhurungi, waliojikunja kama upinde, ndio hao. Waite kuku. Magogo yapasue na uyakaushe au uyachome. Na hii ndiyo sababu samadi tunasema iwe imeoza vizuri na itandazwe, isirundikwe kwenye mashina.

Kuti la kati linachomoka

Vuta kidogo lile kuti lililofumba. Likija mkononi bila nguvu, chini yake limeoza na kunuka, kilele cha shina hilo kimekufa. Shina la mkindu lina kilele kimoja tu, kwa hiyo halitachipua tena juu. Likate chini kabisa, lichome mbali, na osha panga kwa maji yenye jiki (kipimo kimoja kwa tisa) kabla ya kugusa shina jengine. Kuoza huku huja baada ya kilele kujeruhiwa, na chonga au mtu mwenye panga ndio wanaojeruhi. Mashina mengine ya kichaka huwa hayana neno.

Vidonda vidogo vyeusi, vigumu, kama vichwa vya pini kwenye makuti ya chini, vyenye vijiuzi vya manjano vinavyotoa vumbi ukigusa, ni ukungu unaoshika miti ya jamii ya mitende. Hauui mti. Unaharibu ukindu tu, na hupungua ukipunguza makuti makuukuu yaliyojaa vidonda na kuacha upepo upite kichakani. Mchwa ukiwaona kwenye makuti makavu usihangaike nao.

Unachanua lakini hauzai

Mkindu una dume na jike, kila mmoja mti wake. Kichaka cha dume hakitazaa hata ukipe samadi ya mji mzima. Usubiri karara (ala inayofunika maua) lifunguke uangalie: maua ya dume yamesongamana, ya rangi ya malai, ukiyatikisa yanatoa unga mweupe. Ya jike ni kama shanga ndogo za mviringo zilizoachana kwenye nyuzi zake, na hayana unga.

Kama ni jike na bado hakuna kitu, tazama nyuzi hizo kwa karibu wiki kadhaa baada ya kuchanua. Ua moja la jike lina vifuko vitatu, na likipata unga, kimoja hukua na viwili hufa. Ukikuta vitunda vidogo vitatu vitatu vimeshikana penye kikonyo kimoja, kijani, havikui, basi unga haukufika. Hakuna dume karibu, au limechanua wakati tofauti.

Kata nyuzi chache za dume siku karara lake lilipofunguka, zikaushe kivulini kwa siku moja juu ya karatasi, kisha zitikise juu ya maua ya jike asubuhi isiyo na mvua. Fanya hivyo siku tatu za mwanzo tangu karara la jike kupasuka. Unga uliobaki ukaushe na uufunge kwenye chupa kavu, ukilowa umekwisha.

Makindu yenyewe hayana nyama nyingi. Yakiwa ya rangi ya chungwa na magumu yana ukakasi unaokausha ulimi. Huo ni ubichi, si ugonjwa. Yakate yakianza kulainika ncha na kuwa hudhurungi, uyavundike ndani ya gunia kavu siku mbili tatu. Ukiyaacha yote mtini, ndege, popo na kunguru watatangulia. Funika shada kwa pakacha au kipande cha wavu wa dagaa.

Ukindu mfupi, unakatika, una madoa

Ukindu ukianza kuwa mfupi mwaka hadi mwaka, kosa ni la mkataji. Ukindu mzuri hutoka kwenye kuti changa lililofumba, na kuti hilo ndilo lililokuwa liende kulisha mti. Ukilikata kila linapotoka, shina hula akiba yake, kuti linalofuata huja fupi, shina huwa jembamba, mwishowe kilele hufa. Kata moja, liache linalofuata lifunguke, ndipo ukate tena. Shina lenye makuti mazima chini ya manane lisikatwe kabisa. Mkato uwe wa mshazari, juu ya kitako cha kuti, usiteremke kwenye moyo. Na kwenye misitu ya hifadhi kama Jozani na Ngezi, pata ruhusa ya idara ya misitu kwanza.

Madoa ya kijivu kwenye ukindu mkavu ni mvua au kurundikwa ukiwa mbichi. Chana, tandaza siku hiyohiyo safu moja juani, geuza, na endelea hivyo siku tatu hadi tano mpaka rangi iwe ya malai. Umande wa usiku husaidia kuung'arisha, mvua inauharibu.

Ukindu unaokatika mkononi umekauka mno. Nyunyizia maji, ufunge kwenye kitambaa kibichi usiku mmoja, usuke chane zikiwa na unyevu. Lakini ukili uliosukwa umelowa ukashonwa siku hiyohiyo utapata ukungu ndani ya mkeka; uanike kwanza.

Rangi inayochujuka na kutia doa msala haikuchemka ya kutosha au ukindu haukutiwa shabu. Kwa gramu 500 za ukindu mkavu, chemsha kwanza na gramu 50 za shabu kwa nusu saa, kisha tia kwenye rangi inayochemka nusu saa nyengine, suuza mpaka maji yawe meupe, na anika kivulini. Rangi ya manjano yenyewe, ile ya jikoni, hupauka juani hata ukiitia shabu. Itumie kwa kawa la ndani, si kwa mkeka wa barazani.

Umechomwa na mwiba

Miiba ya mkindu ni hatari kuliko inavyoonekana, kwa sababu ncha hukatikia ndani. Safisha kitako cha kuti kwa panga kuondoa miiba kabla hujaingiza mkono, na vaa viatu vilivyofunika miguu. Ukichomwa, osha kwa maji na sabuni na utoe ncha yote. Kama umechomwa karibu na kiungo, kidole, goti au kifundo, na wiki kadhaa baadaye kinavimba na kuuma bila kupona, nenda hospitali na useme wazi kwamba ulichomwa na mwiba wa mti. Mwiba hauonekani kwenye picha ya eksirei kama msumari unavyoonekana, na daktari asiyeambiwa anaweza kutibu baridi yabisi huku ncha ya mkindu ikiwa bado imo ndani.